Cheti cha fundi sawa, lakini nani atafungua kompyuta ya gari?

Kila msimu wa siasa ukifika, mafundi wa jua kali wanaahidiwa vifaa na vyeti. Wengine wanasema asiye na cheti afungiwe, wengine wanasema mwacheni hasla ajitafutie. Mimi naona wote wanapita kando ya shida. Niwaeleze kwa mfano wa huku kwetu Isiolo.

Gari lililobeba kaskazini kwa miaka mingi ni Landkruza ya injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2. Pampu yake haingoji amri ya kompyuta. Ikizima njia ya Merti, dereva mwenyewe analegeza nati za paipu, anatoa hewa, anaondoka. Tangi likitoboka, kipande cha sabuni kinaziba mpaka mjini. Tanboi alijifunza hayo akiwa chini ya gari, si darasani.

Sasa, sheria yetu hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo kila mwaka yanayoingia yana kompyuta zaidi. Siipingi sheria. Lakini chukua nozeli ya dizeli ya kisasa: fundi ataifunga vizuri kabisa, ila nyingi zina namba iliyochapwa juu yake, na lazima iingizwe kwenye kompyuta ya gari. Isipoingizwa, injini inaweza kutetemeka na kutoa moshi, halafu mteja anasema fundi ni bure. Kazi aliijua, mlango ndio umefungwa! Mashine ya bei rahisi inasoma makosa tu. Ya kuandika namba ni ghali, kwa hivyo gari linapelekwa Meru au Nairobi, na pesa inaenda nalo.

Na hata kusoma si kujua. Mashine ikisema presha ya mafuta iko chini, inaweza kuwa pampu, filta iliyojaa uchafu, au dizeli mbaya ya mtungi. Nimeona vijana wakibadilisha sensa kabla ya kufungua filta. Hapo mzee mwenye sikio bado anahitajika sana.

Wenzetu wa Massachusetts, Marekani, walilipigia kura jambo hili mwaka 2012: kampuni za magari ziwape magereji huru habari za ukarabati. Hapa kwetu sijasikia mgombea akiulizwa hilo mkutanoni. Tunauliza tu tulboksi zitafika lini.

Mafundi wa Isiolo mlio humu, mashine zenu zinaandika ama zinasoma tu?