Mpunga Hauli Mbolea Peke Yake

Sisi wa Mjimwema, huku juu Njombe, ni watu wa mahindi, viazi na maharagwe. Wali tunaupenda, lakini mpunga haustawi kwetu kwa sababu ya baridi. Kwa hiyo wengi huteremka kwa barabara ya Mbeya hadi bonde la Usangu, wakakodi majaruba.

Jirani yangu mmoja alifanya hivyo. Fedha za kukodi zilichelewa, akapandikiza miche mwishoni mwa Machi, hali wenzake walikwisha pandikiza Januari. Akasema moyoni, “Nitauharakisha kwa mbolea.” Akamwaga urea maradufu. Shamba likawa kijani kibichi, kila mpita njia akalisifu. Lakini Juni masuke yalipotoka, yalisimama wima tu. Akafikicha moja kiganjani: mapepe matupu! Karo ya watoto wawili ikapotelea humo.

Je, kosa lilikuwa wapi? Sikilizeni. Mpunga ukiwa na mimba, yaani suke likiwa bado limefichwa ndani ya shina, hauvumilii baridi. Usiku kadhaa wa chini ya digrii 15 hivi huharibu chavua, na punje hazijai. Tena urea ikizidi, madhara ya baridi huzidi pia. Hata Wajapani, mabingwa wa kilimo hicho, walipatwa mwaka 1993: majira yao ya joto yalikuwa ya baridi, mavuno yakapungua sana, wakalazimika kununua mchele wa Thailand. Wakulima wao wa kaskazini huongeza maji jarubani wakati wa mimba, yapate kulikinga suke kama blanketi.

Basi, kwanza shika majira. Pandikiza mapema, miche ikiwa na wiki mbili au tatu, ili suke litoke kabla ya baridi.

Pili, lisha kwa wakati wake. Mbolea ya fosfati, kama DAP, huwekwa wakati wa kupanda, kwa maana hujenga mizizi na machipukizi. Urea huja baadaye, nayo igawe mara mbili: miche inapochipua, na suke linapoanza kuumbika. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Ukiumwaga wote siku moja, nyingi hupotea hewani na majini. Punguza maji kwanza, nyunyiza, kisha rudisha maji baada ya siku chache.

Tatu, soma majani. Yale ya chini yakigeuka manjano kwanza, mara nyingi mpunga una njaa ya naitrojeni. Yakiwa kijani cheusi na malegevu, umeshiba kupita kiasi. Utaanguka, na ugonjwa utaukuta.

Nne, usichome mabua. Sehemu kubwa ya potasi iliyotoka ardhini imo ndani yake. Yarudishe shambani yaoze.

Ndugu msomaji, ikiwa fedha yako ni ya mfuko mmoja tu wa mbolea na Machi inakwisha, afadhali ungoje mwaka ujao kuliko kununua mifuko miwili. Mbolea hununuliwa dukani, majira hayauzwi. Msomee na mama watoto maneno haya jioni, maana mara nyingi yeye ndiye anayeinama jarubani kupandikiza.