Piko si hina

Apitaye Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, siku ambayo kiwanda cha mafuta ya makonyo kinafanya kazi, hupokewa na harufu ya karafuu kabla hajaliona paa la kiwanda. Pemba ni kisiwa cha minazi, mihina, vilua, asumini na mrehani, na wanawake wake wanajua matumizi ya kila kimojawapo. Kwa hiyo neno "asilia" likiandikwa juu ya pakiti ya dawa ya nywele, hapa halisikiki kama tangazo la biashara. Husikika kama neno la nyumbani, na hapo ndipo penye hatari.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa kisiwani kwa zamu ya kliniki ya ngozi, aliletwa binti aliyebakisha siku nne kuolewa. Paji la uso lilikuwa limevimba hata macho yamekuwa nyufa mbili, masikio yakitoka majimaji, na ngozi ya kichwa imejaa malengelenge. Siku mbili kabla alikuwa ametiwa rangi ya nywele kutoka katika pakiti yenye picha ya majani ya mhina. Nilimwamkia kungwi aliyemleta, kisha nikamuuliza alimpaka nini.

"Hina tu, mwanangu. Hina nyeusi, ya asili. Si dawa."

Nikamwomba binti anionyeshe mikono. Mgongoni mwa mkono wa kushoto palikuwa na alama hafifu ya ua, ngozi yake imepauka. Lilikuwa ua la piko alilochorwa sikukuu ya Idi, nalo lilimwasha wiki nzima.

Mhina hauna rangi nyeusi. Majani yake yana losoni, ambayo hutia ngozi na nywele rangi ya chungwa inayokolea hadi wekundu wa kahawia, tena kwa saa nyingi. Mchanganyiko unaotoa weusi wa mkaa kwa nusu saa si hina safi, hata pakiti iape. Weusi huo kwa kawaida hutokana na parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD, kemikali ya rangi za nywele za viwandani. Umoja wa Ulaya unairuhusu katika rangi ya nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 baada ya kuchanganywa, na kuipaka kwenye ngozi hauiruhusu kabisa. Piko ni rangi hiyohiyo, ila huchorwa juu ya ngozi moja kwa moja, na hakuna anayepima.

Mara ya kwanza kinga ya mwili huweza kuitambua tu kemikali hiyo na kuiweka katika kumbukumbu. Ikirudi, hata baada ya miaka, huishambulia, na kumbukumbu hiyo kwa kawaida haifutiki. Ndiyo maana piko la mkononi hulipwa kichwani. Wazee wetu wanaofunika mvi za ndevu nao wamo katika hesabu hii. Unga huo ukimezwa, jambo ambalo madaktari wa Sudan wameliandika tangu miaka ya 1980, huvimbisha koo, huharibu misuli na kuangusha figo. Basi usiachwe mahali watoto wanapofikia.

Je, kilicho cha asili kweli hakidhuru? Hina safi ni salama kwa watu wazima wengi, lakini mtoto mchanga mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyoenea katika nchi zilizokaa na malaria kwa karne nyingi, pwani yetu ikiwamo, anaweza kupasukiwa na chembe nyekundu za damu akipakwa hina. Vichanga wasipakwe. Na mafuta ya makonyo, fahari ya Wawi, kwa sehemu kubwa ni yujenoli, ambayo isipozimuliwa huunguza ngozi na huweza kuzusha mzio. Anayependa harufu yake atie tone moja katika vijiko viwili vya chai vya mafuta ya nazi. Kwamba yanaotesha nywele, mimi sijaona ushahidi.

Mafuta ya nazi yenyewe nayasifu bila kusita. Asidi yake ya lauriki hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, kwa hiyo yafaa yapakwe kabla ya kuosha, si baada tu. Hayaulishi unywele, maana uliokwisha kutoka kichwani hauna uhai; huulinda.

Ama dawa za kunyoosha nywele, nyingi hutegemea sodiamu haidroksaidi, alkali ileile ya kutengenezea sabuni. Zile zinazodai kuwa hazina kemikali hiyo hutumia alkali nyingine, nayo ni kali. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka, makadirio ya kupata saratani ya mji wa mimba kabla ya umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 4.05, kwa wasiozitumia, 1.64. Huo ni uhusiano, haujawa uthibitisho wa sababu. Kwangu unatosha kusema watoto wasipakwe, na asiyeweza kuacha apunguze, wala asipake juu ya kichwa kilichokunwa au chenye vidonda.

Bidhaa ngeni ijaribiwe kidogo ndani ya kiwiko kwa saa 48. Aliyewahi kuwashwa na piko asijaribu rangi nyeusi hata hivyo, kwa kuwa jaribio lenyewe laweza kumuumiza.

Binti yule alitumia vidonge vya prednisoloni, na harusi ikasogezwa majuma matatu. Nilimwandikia kadi yenye herufi PPD aionyeshe kwa kila daktari, wa meno pia, kwani mzio huu huweza kuitikia baadhi ya dawa za ganzi za kupaka. Kungwi aliisoma kadi mara mbili. Kwa harusi alichuma majani ya mhina wa uani kwake, akayatwanga kinuni, akampaka kidogo kiwikoni na kungoja siku mbili. Kisha akampaka mikono na miguu, wakakesha naye hadi rangi ikakolea.