Bondeni ni kwa mto: unachopaswa kujua kabla ya kununua kiwanja kando ya maji

Ukipita Jangwani, Dar es Salaam, mwezi wa nane, huwezi kuamini kama pale pana mto wa kutisha. Msimbazi unakuwa kijito tu, majani yamekauka, na eneo kubwa liko wazi dakika chache kutoka Kariakoo. Jina lenyewe linadanganya: Jangwani! Mtu mwenye hela kidogo lazima ajiulize, mbona ardhi nzuri hivi imekaa bure?

Haijakaa bure. Ina mtumiaji wake, ila anakuja mara chache kwa mwaka. Masika ikikolea, maji hufunika Barabara ya Morogoro na mabasi ya mwendokasi husitisha safari.

Mto ni mpana kuliko unavyouona

Tumezoea kuuita mto ule mfereji wenye maji kila siku. Kitaalamu, huo ni mkondo tu. Mvua kubwa ikinyesha, maji hupanda kingo na kusambaa pembeni. Yakisambaa hupungua kasi, na yakipungua kasi huacha mchanga na tope. Rudia hivyo kwa maelfu ya miaka na utapata uwanda tambarare pande zote mbili. Huo ndio uwanda wa mafuriko, au kwa lugha ya mtaani, bondeni.

Kwa hiyo ule utambarare unaomvutia mjenzi ni kazi ya mafuriko yenyewe. Mto ndio uliosawazisha kiwanja.

Na bonde si adui. Wakulima wa Rufiji wana kilimo cha mlau: wanapanda maji yakishapungua, kwenye udongo wenye rutuba na unyevu ulioachwa na mafuriko. Walijenga pia madungu, vibanda vya juu ya nguzo, ili kulinda mashamba. Kwa maneno mengine, walipanga maisha yao kwa ratiba ya mto. Mjini tunafanya kinyume: tunautaka mto ufuate ratiba yetu.

Bati lako na mafuriko ya jirani

Twende kwenye hesabu kidogo. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita za mraba 100, ikinyeshewa milimita 50, inamwaga lita 5,000. Hilo ni tangi kubwa la maji, limejaa pomoni. Nyumba 10,000 za namna hiyo zinamwaga lita milioni 50 kwa mvua moja.

Zamani sehemu ya maji hayo ingeingia ardhini au ingecheleweshwa na miti na majani. Sasa inateleza kwenye bati, saruji na lami. Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, unapita katikati ya mitaa iliyojengwa kwa kubanana, halafu unaingia baharini karibu na daraja la Selander. Kila mtaa wa juu unaongeza tangi zake, na zote zinafika bonde la chini karibu kwa wakati mmoja. Bahari nayo ikiwa imejaa, maji yanachelewa kutoka.

Sasa huku chini, wewe umenunua kiwanja na umemwaga malori 40 ya kifusi ili uinuke juu ya maji. Jaribu hili nyumbani: jaza beseni maji hadi karibu na ukingo, kisha tumbukiza tofali. Maji hayapotei, yanapanda. Kifusi chako ni lile tofali. Umejiokoa wewe, lakini umempandishia maji mwenzako ambaye hana hela ya lori. Mwakani naye atamwaga kifusi. Hivyo ndivyo bonde zima linavyozibwa kidogo kidogo, bila mtu mmoja wa kulaumiwa.

Gharama haziishii hapo. Udongo wa bondeni ni tabaka za mchanga na mfinyanzi. Mfinyanzi unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na msingi unapasuka. Maji ya ardhini yako karibu, kwa hiyo choo cha shimo hujaa haraka, na mvua ikija wapo wanaotumia nafasi hiyo kutapisha vyoo. Kipindupindu hakihitaji mwaliko mwingine.

"Mafuriko ya miaka 100" hayasubiri miaka 100

Msemo huu unawapoteza wengi. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa mafuriko makubwa kiasi hicho. Yakija mwaka huu, mwakani uwezekano ni uleule. Ukikaa kwenye nyumba hiyo miaka 30, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni takriban asilimia 26. Kwa mafuriko ya miaka 10, ambayo ni madogo zaidi, unafika asilimia 96. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "nimekaa hapa miaka mitano sijaona maji," huenda anasema kweli, lakini hajakuambia kitu.

Kuhamisha watu peke yake hakutoshi

Desemba 2011 mvua kubwa iliua watu takriban 40 jijini. Serikali iliwapa baadhi ya waathirika viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji. Wapo waliobaki huko, na wapo waliorudi bondeni. Usiwaite wabishi haraka. Mtu anayebeba mizigo Kariakoo, nauli ikimla nusu ya kipato, anapiga hesabu: maji yanakuja siku chache, njaa inakuja kila siku.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ni sheria nzuri, ila usiisome vibaya. Sehemu nyingi za Msimbazi bonde ni pana kuliko mita 60. Kuwa nje ya mita 60 si sawa na kuwa nje ya maji.

Nini kinafanya kazi?

*Kuupa mto nafasi.* Baada ya mafuriko ya 1993 na 1995, Waholanzi walibadili mwelekeo. Badala ya kuinua kuta tu, walirudisha baadhi ya kuta nyuma. Pale Nijmegen mto Waal uliongezewa mita 350 hivi. Mpango wa Msimbazi unafuata wazo hilohilo: kupanua njia ya maji, kuacha katikati kuwa bustani inayoruhusiwa kufurika, na kutumia udongo uliochimbwa kuinua maeneo ya pembeni ya kujenga. Ona tofauti na kifusi cha mtu mmoja mmoja: hapa kinachojazwa pembeni kimechimbwa kwenye njia ya maji, kwa hiyo nafasi haipotei. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi huo.

*Kuchelewesha maji huko juu.* Miti Pugu, mabwawa madogo, na tangi za kuvuna maji ya paa. Tangi moja ni utani, maelfu ni bwawa.

*Kuzoa taka.* Mtaro uliojaa chupa na mifuko ni ukuta.

*Ramani za wananchi.* Kupitia Ramani Huria, wanafunzi na wakazi walichora mitaa, mitaro na maeneo yanayofurika. Mwenyeji anajua maji yalifika dirisha lipi, satelaiti haijui.

Kabla hujalipa

Kakague kiwanja masika, siyo kiangazi. Tafuta alama ya tope kwenye kuta za jirani. Muulize bibi anayeuza mboga hapo, siyo dalali. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa uone matumizi yaliyopangwa, maana risiti ya mjumbe haizuii X nyekundu ukutani. Na kama bei ni nusu ya mtaa wa juu, ile nusu nyingine hujasamehewa. Utailipa maji yakija.