Jazz ya London, Benga ya Sindo: Nani Anarekodi Usiku Wetu?

Wewe kijana wa Sindo ukisikia neno ‘jazz’, akili inaenda wapi? Najua: kwa gitaa la benga. Inaenda kwa Shirati Jazz ya marehemu D.O. Misiani, aliyezaliwa karibu na Shirati, hapo tu ng’ambo ya mpaka, mwaka wa 1940. Ama Victoria Jazz, iliyoanza 1972. Huku kwetu ‘jazz’ ni bendi yoyote yenye magitaa na watu wa kucheza.

Leo tumia bando kidogo usikize jazz ya aina nyingine. Tafuta albamu inaitwa Late Spot at Scott’s, ya Mwingereza Tubby Hayes, fundi wa saksafoni. Ilirekodiwa moja kwa moja Mei 1962, watu wakiwa ndani ya klabu ya Ronnie Scott’s mtaani Soho, London. Usifikirie ukumbi wa kifahari. Kilikuwa chumba cha chini ya ardhi, kilichofunguliwa kama klabu mwaka wa 1959 na wapiga saksafoni wawili, Ronnie Scott na Pete King.

Vaa hedifoni. Wanamuziki ni watano: saksafoni, tarumbeta, piano, besi na ngoma. Nyimbo pia ni tano, na hakuna mwenye haraka. Kila mmoja anapewa nafasi ajimwage. Halafu unasikia watu wakipiga makofi, na unajua kabisa kuna mtu alikuwa amekaa pale na glasi yake.

Klabu ilihama chumba kile 1965. Tubby alifariki 1973 akiwa na miaka 38 pekee. Lakini usiku ule bado upo, kwa sababu kuna mtu alibeba maikrofoni akaingia nayo klabuni.

Sasa turudi ziwani. Santuri nyingi za benga tulizorithi ni za studio. Santuri ndogo ilibeba dakika tatu, nne hivi kila upande, ndiyo maana nyimbo nyingi zilikatwa vipande viwili. Ukitaka magitaa yachangamke, geuza upande wa pili. Lakini kwani benga ya usiku ilikuwa ya dakika nne? Watu walicheza hadi asubuhi!

Na kuna pakruok. Unajua vile inaenda: mtu anatoa pesa, bendi inanyamaza, anajisifu yeye, shemeji zake na kijiji chao, ukumbi unaangua kicheko, halafu gitaa linarudi kwa kishindo. Ukiwatoa hao watu, umebaki na nusu ya benga.

Misiani alifariki 2006. Wazee waliocheza enzi zake wanapungua kila mwaka, na wanaondoka na nyimbo ambazo hazikuwahi kuingia studio. Sisi nasi tunafanya nini? Tunarekodi sekunde 30 za kuweka status, baada ya saa 24 zimeyeyuka.

Huhitaji diploma ya sauti, bana. Mimi chuo niliachia njiani na bado narekodi. Bendi ikija Sindo, fanya hivi:

Kwanza, muombe kiongozi wa bendi ruhusa, na mkubaliane mapema kuhusu pesa kama rekodi itauzwa. Muziki ni jasho lake.

Pili, zima mawimbi ya simu ili mtu asikupigie katikati ya wimbo. Iweke mbali kidogo na spika, isije sauti ikakwaruza.

Tatu, kabla ya wimbo wa kwanza, taja tarehe, mahali na majina ya wanamuziki. Majina ndiyo hupotea haraka.

Nne, acha irekodi wimbo mzima, pamoja na pakruok na kelele za watu.

Tano, weka nakala mbili mahali tofauti, na moja umpe mwenye bendi.

Jumamosi hii usiende na simu ikiwa na chaji ya asilimia kumi.