Vipele na muwasho baada ya kumnyoa mtoto: namna ya kuvizuia

Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, mabenchi ya vinyozi hujaa watoto. Mmoja anashuka kitini, mwingine anapanda, na mashine ni ileile. Jumanne mtoto anaanza kujikuna kisogoni. Ijumaa ana vipele. Wiki inayofuata jirani anamwambia mama kwamba mtoto ana "damu chafu" na anahitaji dawa ya kusafisha damu.

Mama, damu ya mtoto haina shida. Vipele vinavyotokea siku chache baada ya kunyoa mara nyingi vinatokana na jinsi mtoto alivyonyolewa, na kwa hiyo vinaweza kuzuilika.

Kwa nini ngozi inawasha?

Nywele zetu za kipilipili huota zikiwa zimejikunja. Zikikatwa chini kabisa, usawa wa ngozi, ncha ya unywele inabaki kali kama mwiba. Unywele ukianza kuota tena, badala ya kutoka nje unajikunja na kuchoma ngozi, au unaota ndani kwa ndani. Mwili unauona kama kitu kigeni, na ndipo kipele kinapojitokeza. Kisogoni ndipo panapoumia zaidi, kwa sababu hapo nywele hujikunja sana na kola ya shati la shule inasugua kutwa nzima.

Sababu ya pili ni mashine yenyewe. Mashine iliyonyoa vichwa vingi bila kupumzika hupata moto, na ngozi ya mtoto huungua kidogo bila mtu kutambua, hata kama hakulia. Mashine butu nayo hung'oa nywele badala ya kuzikata. Kila mahali ngozi ilipokwaruzwa ni mlango, na bakteria wanaoishi juu ya ngozi huingia hapo. Ndiyo maana kipele kilichoanza kikiwa kikavu huweza kuwa na kichwa cha usaha baada ya siku mbili.

Kabla ya kunyoa na wakati wa kunyoa

Mwoshe mtoto kichwa kwa sabuni ya kawaida, kisha nywele zikauke vizuri ikiwa atanyolewa kwa mashine. Vumbi, jasho na mafuta ya jana hufanya mashine ikwame na kuvuta. Kagua kichwa chote. Ukiona kidonda, magamba au sehemu isiyo na nywele, ahirisha kunyoa. Mwalimu akiuliza, mweleze. Karibu kila mwalimu ataelewa.

Usidai kipara. Nafahamu kwamba wazazi wengi hupenda anyolewe hadi kichwa king'ae ili nywele zichelewe kuota na pesa ya kinyozi ipumzike. Lakini kipara ndicho kinacholeta vipele vingi. Mwombe kinyozi apachike kile kichana kidogo cha plastiki mbele ya meno ya mashine, abakize nywele fupi kabisa. Anyoe kufuata upande nywele zinakoota, asirudie mahali pamoja mara tatu nne, na asiikandamize mashine kichwani.

Kuhusu usafi, usione haya kusema. Mwambie kinyozi aondoe kwanza nywele zilizobaki kwenye meno ya mashine, ndipo afute kwa spiriti na kuiacha ikauke yenyewe. Spiriti ikipakwa juu ya nywele na uchafu haifanyi kazi yake. Wengine huwasha moto kwenye meno ya mashine yaliyolowa spiriti. Hilo lisifanyike mtoto akiwa kitini, maana mvuke wa spiriti hushika moto haraka, na chuma kinabaki cha moto. Kabla mashine haijamgusa mtoto, iguse wewe kwa upande wa ndani wa mkono wako. Ikikuunguza, isubiri ipoe.

Brashi ya kufutia nywele na taulo la shingoni husahaulika, ingawa navyo hubeba fangasi kutoka mtoto mmoja hadi mwingine. Nenda na taulo lako.

Ukinyoa nyumbani kwa wembe, lowesha nywele kwa maji ya vuguvugu na povu la sabuni, na tumia wembe mpya kwa kila mtoto, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye tone la damu lililokauka ambalo macho hayalioni.

Baada ya kunyoa

Mwoshe kichwa kwa maji safi ya baridi ili kuondoa vipande vya nywele, kausha kwa kugusagusa na taulo safi bila kusugua, kisha mpake mafuta kidogo ya mgando au ya nazi. Inatosha. Siku mbili za kwanza akae bila kofia inayobana, na foronya yake ifuliwe.

Usimpake spiriti, limau, dawa ya meno wala manukato. Tumezoea kuamini kwamba kinachochoma ndicho kinachotibu, lakini kwenye ngozi iliyokwaruzwa vitu hivi huongeza muwasho, na mtoto akijikuna kwa kucha vidonda huanza. Mkate kucha siku hiyohiyo.

Vipele vikitokea, usivikamue. Mkande kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya vuguvugu, mara mbili tatu kwa siku, na usimnyoe tena hadi vipone. Vingi hupungua ndani ya siku chache. Mpeleke zahanati ikiwa wekundu unasambaa, usaha unazidi, vidonda vina gaga la rangi ya asali, au mtoto ana homa.

Mtoto mchanga

Familia nyingi humnyoa mtoto siku ya 7 kwa ajili ya akika, na nyingine siku ya 40. Kiafya hakuna ulazima wa kunyoa; nywele za kuzaliwa nazo nyingi hudondoka zenyewe katika miezi ya mwanzo. Lakini hii ni mila na ibada, na inaweza kufanyika kwa usalama.

La kuzingatia ni kwamba chanjo ya kwanza yenye kinga ya pepopunda hutolewa akiwa na wiki 6, yaani siku ya 42. Kwa hiyo hata siku ya 40 bado hajaipata, na anategemea kinga uliyompa kutokana na chanjo ulizochoma ukiwa mjamzito. Wembe wenye kutu au uliokwisha kutumika hauna nafasi hapa. Anyoe mtu mwenye mkono mtulivu, kwa wembe uliofunguliwa kwenye karatasi yake mbele yako, mtoto akiwa ameshiba na amelala. Asikandamize utosini, mahali ambapo mifupa haijafunga. Kichanga akipata homa, akiacha kunyonya, au sehemu iliyokatwa ikivimba, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Je, kama ni mapunye?

Hapa ndipo wengi tunapopoteza muda na pesa. Vipele vya kunyolewa hutokea ndani ya siku chache. Mapunye, ambayo ni fangasi, huchukua wiki moja hadi mbili au zaidi kuonekana. Utaona duara lenye magamba meupe, nywele zimekatika au zimetoka, na mara nyingine tezi zimevimba nyuma ya shingo.

Mafuta na krimu za dukani haziponyi mapunye ya kichwani, kwa sababu fangasi wameingia ndani ya unywele ambako krimu haifiki. Zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi hutuliza muwasho tu huku fangasi wakiendelea kusambaa. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvin, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake, kwa kawaida wiki 6 hadi 8. Dawa hii hufanya kazi vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, kama maziwa au parachichi. Asiiache kwa sababu duara limeanza kuota nywele.

Wakati mwingine mapunye huvimba na kuwa uvimbe laini, unaouma na kutoa usaha. Unafanana na jipu, lakini usikubali upasuliwe mtaani. Mpeleke kituo cha afya.

Wakagueni na ndugu zake vichwa, na kila mmoja awe na kitana chake. Mtoto aliyeanza dawa anaweza kuendelea na shule, na hakuna haja ya kumnyoa kipara ili apone.