Simu ya Upepo ya Grimeton

Katika nchi ya Uswidi, upande wa magharibi, karibu na mji wa Varberg, iko minara sita ya chuma iliyosimama mashambani kwa safu moja, kama askari waliopangwa. Kimo cha kila mnara ni meta 127. Minazi mitano mirefu ikisimamishwa mmoja juu ya mwenziwe huenda isifike kileleni. Mahali pale huitwa Grimeton. Mgeni apitaye huuliza, Minara hii yafaa nini? Basi mwezi huu twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari zake, maana ni habari za watu waliotengwa na ndugu zao kwa bahari, wakatafuta njia ya kusemezana nao.

Tangu katikati ya karne ya 19 hata mwaka 1930, watu zaidi ya milioni moja walitoka Uswidi kwenda kukaa Amerika, wakitafuta mashamba na kazi. Wazazi wengi walibaki nyumbani, na watoto wao wako ng'ambo. Barua zilikwenda polepole kwa meli. Habari za haraka zilipitia waya za simu zilizolazwa chini ya bahari, lakini waya hizo zilikuwa mikononi mwa mataifa mengine. Vita vilipotokea mwaka 1914, Waswidi waliona hatari yake. Mwenye waya ni kama mwenye mlango: akiufunga, wewe uliye ndani huna la kufanya. Kwa hiyo mwaka 1920 Bunge lao likakata shauri kujenga simu ya upepo ya nchi yenyewe, isiyohitaji waya wa mtu. Mahali pa Grimeton palichaguliwa kwa sababu kutoka pale hata New York njia ya mawimbi iko wazi juu ya bahari.

Je, mawimbi hayo ni nini? Ukitupa jiwe bwawani, maji hufanya duara zinazokwenda mbali. Vivyo hivyo umeme ukipandishwa na kushushwa upesi sana katika waya ulioinuliwa juu, hutoa mawimbi yasiyoonekana kwa macho. Mengine ni mafupi, mengine ni marefu. Wimbi moja la Grimeton lina urefu wa zaidi ya kilomita 17, yaani mwendo wa saa tatu na zaidi kwa miguu! Mawimbi marefu namna hii hufuata mgongo wa dunia na kufika mbali sana.

Aliyetengeneza mashine yake ni Ernst Alexanderson, Mswidi aliyezaliwa mwaka 1878. Yeye naye alikuwa mmoja wa wale waliohamia Amerika. Mashine yake haina taa za redio, wala haifanani na redio tuijuayo. Yafanana zaidi na mashine za kiwandani. Ndani yake mna gurudumu kubwa la chuma, na ukingoni mwake mmekatwa mianya 488. Gurudumu hilo huzungushwa mara 2,115 kwa dakika moja kati ya sumaku na koili za waya, na kila mwanya upitapo huleta pigo moja la umeme. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi hesabu hii: 488 mara 2,115, kisha gawanya kwa 60. Wataona ya kuwa mapigo yapita 17,200 kwa kila sekunde. Mwendo wa gurudumu haupasi kulegea wala kuzidi, maana ukibadilika, wimbi nalo hubadilika, na msikilizaji wa mbali hupotewa. Mtambo huu haukuchukua sauti ya mtu, bali alama za Morse, fupi na ndefu, na kila herufi ina alama zake.

Kazi ilianza mwaka 1924. Tarehe 2 Julai 1925 Mfalme Gustaf wa Tano alikuja kuufungua rasmi, na Alexanderson mwenyewe alikuwapo. Siku ile Mfalme alipeleka salamu kwa Rais Coolidge wa Amerika.

Lakini haukupita muda mrefu, wataalamu wakavumbua namna ya kutumia mawimbi mafupi, yaliyofika mbali kwa mitambo midogo na kwa gharama ndogo. Mashine kubwa ya Grimeton ikaonekana kuwa mzee aliyepitwa na vijana. Hata hivyo haikuvunjwa. Mafundi waliendelea kuipaka mafuta na kuitunza. Vita vya pili vilipotokea mwaka 1939, waya za baharini zilikatwa tena, na ule mtambo wa zamani ukasaidia kuiunganisha Uswidi na nchi za mbali. Baada ya vita ukapata kazi nyingine. Mawimbi marefu sana huweza kupenya kidogo ndani ya maji, nayo mafupi hayawezi. Hivyo manowari za Uswidi ziendazo chini ya bahari zilipokea amri kutoka Grimeton mpaka miaka ya 1990.

Mwaka 2004 UNESCO iliandika mahali hapo katika orodha ya urithi wa dunia. Zilikuwako mashine za namna hii katika nchi kadha wa kadha, lakini hii peke yake ndiyo iliyobaki yenye kuweza kufanya kazi. Kwa desturi, karibu na tarehe 2 Julai kila mwaka, mafundi huizungusha tena, na watu wa nchi nyingi hutega masikio kusikia alama zake.

Wazee wetu husema, usiache mbachao kwa msala upitao. Waswidi hawakuuacha mbacha wao, na siku milango mingine ilipofungwa, huo ndio walioukalia.