Mpangilio wa Majina ya Mafaili Waharakisha Huduma

Mwananchi anapoomba kibali cha ujenzi, nyaraka zake huskaniwa na kuwekwa katika hifadhi ya pamoja inayotumiwa na maofisa wa idara mbalimbali. Kila ofisa akiandika jina la faili apendavyo, mathalani "kibali kipya" au "kibali cha mwisho", faili hilo huwapo lakini halionekani linapotafutwa, na mwombaji huambiwa arudi kesho.

Suluhisho ni programu inayotunga jina la kila faili yenyewe kwa mpangilio mmoja: tarehe ya kupokelewa, huduma, kata na namba ya ombi. Tarehe huandikwa 2025-03-07, mwaka ukitangulia, kwa kuwa kompyuta hupanga majina ikianzia kushoto. Siku ikitangulia, faili la 02-01-2025 litakaa kabla ya lile la 15-06-2023.

Hata hivyo, programu hufuata kilichojazwa kwenye fomu; kata ikikosewa, jina la faili nalo hukosewa. Wananchi wanakumbushwa kuhakiki fomu kabla ya kuikabidhi, na kutunza stakabadhi yenye namba ya ombi, kwani namba hiyo ndiyo inayomwezesha ofisa kulipata faili bila kuchelewa.